Kidato cha Sita Kimeisha, Chuo Bado: Wazazi Tunafanya Nini Kati ya Mei na Oktoba?

MAMA REHEMA: Karibuni tena, wazazi wenzetu. Leo tuko kwenye ile miezi ambayo kijana ametoka kwenye mtihani wa kidato cha sita mwezi wa tano, na chuo hakifunguliwi mpaka wa kumi au wa kumi na moja. Watu wanaiita miezi ya kusubiri. Mimi hilo jina silikubali, kwa sababu mwaka jana nilipitia na Rehema, na kusubiri hatukukuona. Baba Daudi, mwaka huu zamu yako.

BABA DAUDI: Zamu yangu, dada. Daudi amesharipoti JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kapangiwa kambi ya Mafinga. Mama yake kila asubuhi anauliza hali ya hewa ya Iringa kabla hajauliza kitu kingine.

MAMA REHEMA: Mafinga mwezi wa sita! Mlimfungashia nguo za baridi?

BABA DAUDI: Tulimfungashia. Na kwa mzazi ambaye mtoto wake bado hajaondoka, tafadhali soma tangazo la wito mwenyewe, usitegemee la kusikia mtaani. Vitu vimetajwa kimoja kimoja. Bukta ya bluu iliyokolea, ya mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani. Raba za michezo za kijani au za bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Nauli ya kwenda na ya kurudi. Halafu cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne. Sisi tulizunguka soko la Morogoro kutwa nzima kutafuta ile bukta.

MAMA REHEMA: Kwa wanaotusikiliza kutoka nje ya Tanzania: haya ni mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Yalisitishwa mwaka 1994, yakarudishwa 2013, na vijana wanaomaliza kidato cha sita wanaitwa kwa miezi mitatu. Mimi nayapenda. Rehema alirudi anaamka kabla ya adhana na kitanda kimetandikwa.

BABA DAUDI: Nami nayapenda, lakini tazama kalenda inavyobana. Bodi ya Mikopo inafungua dirisha la maombi karibu na mwezi wa sita. Matokeo yanatoka Julai. Vyuo vinaanza kupokea maombi Julai hiyo hiyo. Wakati wote huo kijana yuko kambini, anakimbia mchakamchaka, na huwezi kutegemea kumpata kwenye simu. Maofisa wa Bodi wamekuwa wakifika kwenye baadhi ya kambi kuwaelimisha vijana, na ni jambo jema sana. Lakini sehemu kubwa ya kazi inabaki mezani kwa mzazi.

MAMA REHEMA: Na hapo ndipo penye jambo linaloniuma. Mzazi anachukua vyeti, anavipeleka steshenari, anamwambia kijana wa pale, “Mjazie mwanangu chuo na mkopo,” analipa, anaondoka.

BABA DAUDI: Na kozi anachagua nani?

MAMA REHEMA: Yule wa steshenari! Kuna mama mmoja jirani yetu, mtoto wake alijaziwa hivyo. Baruapepe iliyotumika ni ya mwenye duka, na namba ya simu pia. Kijana akachaguliwa vyuo viwili. Sasa ukichaguliwa zaidi ya kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu au kwenye baruapepe uliyoandika. Ile namba ilikwenda kwa mtu ambaye alishahama mtaa. Mama wa watu alihangaika mpaka tarehe ya kuthibitisha ikapita, ikabidi waingie dirisha lililofuata, ambako kozi aliyoitaka ilikuwa imejaa.

BABA DAUDI: Maskini. Kosa la mtu mwingine, analipa mtoto.

MAMA REHEMA: Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja, nitausema hata nikiamshwa usiku. Maombi ni ya mtoto. Steshenari waende kwa ajili ya intaneti na kuskani tu. Baruapepe iwe ya mtoto, laini iwe ya mtoto, neno la siri liandikwe kwenye daftari la nyumbani, na kozi azichague yeye kabla hajapanda basi la kwenda kambini.

BABA DAUDI: Sisi ndivyo tulivyofanya. Laini ya Daudi iko nyumbani, mama yake anaichaji. Daftari liko kabatini pamoja na vyeti. Na kabla hajaondoka tulikaa sebuleni na Mwongozo wa Udahili wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, tukausoma kozi kwa kozi, jioni kadhaa. Yeye amesoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Ukoo mzima ulishamvalisha koti jeupe. Bibi yake anamwita daktari tangu kidato cha tatu.

MAMA REHEMA: Naye anasemaje?

BABA DAUDI: Anataka udaktari wa mifugo. Hapo hapo Morogoro, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

MAMA REHEMA: Ukoo ukasemaje?

BABA DAUDI: Baba mdogo alipiga simu kutoka Mwanza, anauliza, “Yaani tumsomeshe miaka yote hiyo akatibu mbuzi?” Nikamwambia, kaka, wewe mwenyewe unafuga. Ng’ombe wako akiugua unamtafuta nani? Tena huyu kijana likizo zote alikuwa anaongozana na mtaalamu wa mifugo wa kata, hakutumwa na mtu. Amemwona ng’ombe akizalishwa usiku na akarudi nyumbani anasimulia mpaka chai ikapoa. Mimi nikimlazimisha akae miaka mitano kwenye kozi asiyoipenda, nitakuwa nimemfanyia nini?

MAMA REHEMA: Umefanya vizuri, Baba Daudi. Kuna wazazi wanaosikia hapa na mioyo inawadunda.

BABA DAUDI: Ila kuchagua anachopenda hakumaanishi kufumba macho. Tulipanga kozi kwa ngazi. Wazazi wengi wanaamini kwamba mtoto akipata sifa za chini basi ameingia. Kwa waliomaliza kidato cha sita, kiwango cha chini cha shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, ukihesabu A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Sasa hizo nne zinakupa ruhusa ya kuomba tu. Kozi zenyewe zinataka masomo maalumu, na nafasi ni za ushindani. Mtoto mwenye pointi za chini akijaza Muhimbili peke yake, anajiweka pabaya. Kwa hiyo Daudi ana kozi ya moyo wake juu, chini yake kuna nyingine za sayansi ambazo anazikubali kweli, na ya mwisho iko kwenye chuo kisicho na msongamano.

MAMA REHEMA: “Anazikubali kweli.” Hilo ni la msingi. Usimjazie kozi ya kujaza nafasi, maana ndiyo anayoweza kuchaguliwa.

BABA DAUDI: Kabisa. Haya, wewe tueleze mkopo, maana mwenzangu ulishavuka huo mto.

MAMA REHEMA: Mkopo ni nyaraka. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho vivyo hivyo. Kisha ada ya maombi, fomu inajazwa mtandaoni, inachapwa, mwombaji anasaini, mdhamini anasaini, serikali ya mtaa inagonga muhuri, mwanasheria naye anagonga, halafu kurasa zinaskaniwa na kupandishwa tena kwenye mfumo. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ile ile kwenye mkopo na kwenye chuo. Ukitumia tofauti, mifumo haitajua kwamba ni mtu mmoja.

BABA DAUDI: Na majina?

MAMA REHEMA: Majina ndiyo yalinitoa jasho! Cheti cha kuzaliwa cha Rehema kimeandikwa Mohamed, cha kidato cha nne Mohamedi. Herufi moja. Tukaenda kwa wakili, hati ya kiapo, tukarudi. Mzazi mwenye mtoto kidato cha tano, au hata cha nne, toa vyeti leo, vilaze mezani, soma herufi kwa herufi. Ukigundua sasa una muda wa kutosha. Ukigundua Agosti, foleni ni ya nchi nzima.

BABA DAUDI: Na tusiwafiche kwamba ni deni.

MAMA REHEMA: Tusiwafiche hata kidogo. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa mpaka deni liishe. Nilimwambia Rehema kabla hajasaini, nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Alikaa kimya, akauliza maswali mazuri, kisha akasaini akijua anachosaini. Wenye ufaulu wa juu sana wa sayansi waangalie pia Samia Skolashipu, iliyoanza 2022. Ule ni ufadhili, haurudishwi.

BABA DAUDI: Kuna sauti ya mama mmoja kutoka Tanga. Anasema matokeo ya mtihani wa majaribio hayakuwa mazuri, mtoto amejifungia chumbani, naye anaogopa Julai.

MAMA REHEMA: Mama wa Tanga, pole. Usimwache peke yake na hiyo hofu. Mwambie mapema, kabla ya matokeo, kwamba njia haijaisha. Kuna stashahada kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, na akifaulu vizuri anaendelea na shahada. Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi kwa ambao pointi zao hazikutosha. Wako walimu na wauguzi wengi waliopita stashahada kwanza. Lakini umwambie ukiwa umekaa naye, usimtumie meseji.

BABA DAUDI: Na kutoka Pemba kuna baba anauliza RITA wa kwao ni nani. Cheti kilichotolewa Zanzibar kinahakikiwa na wakala wa huko, ZCSRA. Halafu Zanzibar ina Bodi yake ya Mikopo, aangalie masharti yake pia.

MAMA REHEMA: Sasa tumalizie na zile wiki baada ya kambi. Wengi wanauliza tuisheni gani, kozi gani. Kompyuta ni nzuri, kozi fupi za ufundi za VETA ni nzuri, kama hela ipo. Mimi wiki zile nilimkabidhi Rehema matumizi ya nyumba. Nilimpa hela ya wiki, nikamwambia chakula, umeme, nauli ya mdogo wake, vyote juu yako. Kwa sababu hela ya kujikimu ya mkopo inahesabiwa 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, lakini haiji kila siku. Bumu, kama wanafunzi wanavyoiita hela hiyo, linaingia kwa mkupuo, na kijana ambaye hajawahi kushika hela ya miezi miwili anaweza kuimaliza kwa wiki mbili, viatu na chipsi.

BABA DAUDI: Akaweza?

MAMA REHEMA: Wiki ya kwanza tulikula dagaa tangu Alhamisi mpaka Jumapili! Sikuongeza hata mia. Wiki ya pili alikwenda sokoni Mbagala alfajiri, akanunua kwa fungu, akabakisha. Sasa yuko mwaka wa kwanza Dodoma, anapika na wenzake watatu wanaochangia gesi, na hajawahi kunipigia kuomba hela ya kula.

BABA DAUDI: Daudi akirudi Mafinga anakabidhiwa pochi. Mama yake nimeshamweleza.

MAMA REHEMA: Mwambie awe na subira na dagaa. Wazazi, tumeni sauti zenu za maswali kabla ya Alhamisi. Wiki ijayo Rehema na mwenzake mmoja watakuwa nasi kwa simu kutoka Dodoma, watuambie bumu la kwanza lilikwendaje na chumba walikipataje.