Unalipia Kilicho Chini ya Maji

Asalaam aleykum, na habari za jioni kwa wote. Nashukuru kwa kunialika, na nafurahi sana kuona humu ndani wako wavuvi, wako vijana wa maboti ya watalii na wako wenye yoti, manake hii habari ya boya za kufungia vyombo vya wageni kila mtu huwa anaizungumza kivyake, mwenye yoti analalamika na wenzake kwamba bei iko juu, kijana wa ufuoni analalamika na wake kwamba watu wa yoti hawataki kulipa, halafu hakuna siku wamekaa pamoja wakapiga hesabu. Leo tuipige.

Mimi ni baharia. Nimekulia hapa Kilifi upande wa Mnarani, nikaanza na mashua ya mjomba wangu, baadaye nikapata kazi ya kupeleka yoti za watu bandari hadi bandari, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mzamiaji wa kukagua muringi huko Scotland, pwani ya magharibi, maji baridi mpaka vidole unavisahau. Kwa hiyo nimelala kwenye muringi kama mgeni, na nimeshuka chini yake kama fundi.

Kwa asiyejua, muringi ni kitu kizito kilicholazwa chini ya bahari, zege au nanga kubwa au pini iliyochimbiwa mwambani, kutoka hapo unapanda mnyororo, halafu kamba, halafu juu linaelea boya. Chombo kinakuja, kinafunga kwenye boya, hakitii nanga yake. Ya mgeni ni ile ambayo haina mwenyewe wa kudumu, leo unalala wewe, kesho mwengine.

Sasa nianze na usiku mmoja. Mahali sitapataja. Tulifika jioni tumechoka, kusi linavuma, akaja mtu na kiboti akatuonyesha boya, zuri, jipya, rangi ya chungwa, tukalipa pesa yake bila maneno tukalala. Saa tisa usiku nikasikia mlio ambao baharia yeyote anaujua, chombo kinagusa mchanga. Tulikuwa tumetembea na boya letu mpaka kwenye kina kifupi, na bahati ni kwamba palikuwa mchanga, hapakuwa mwamba, na maji yalikuwa yanajaa tukatoka wenyewe. Asubuhi nikazamia pale tulipokuwa. Nikakuta injini ya lori kuukuu, na kipande cha kamba kilichokatika kwa kusuguana na chuma cha ile injini. Hakukuwa na mnyororo hata pingili moja. Yaani pesa yote iliyotumika pale ilitumika kwenye kile kinachoonekana.

Tangu siku hiyo mtu akiniambia bei ya muringi namuuliza chini kuna nini. Sio kwa ubaya, ndio swali lenyewe.

Hebu tushuke basi. Watu wengi wanaambiwa "chini kuna zege la tani moja" wanatulia. Lakini zege ndani ya maji ya bahari linabebwa, lile la tani 1 likizama linabaki na uzito kama kilo 570 tu. Chuma ni tofauti, tani 1 ya chuma inabaki kama kilo 870. Kwa hiyo zege linataka liwe kubwa kuliko unavyofikiria, na linataka muda lizame kwenye tope au mchanga lishikwe, ukiliweka juu ya mwamba laini linateleza kama sabuni. Halafu upepo. Kasi ya upepo ikitoka nodi 15 ikafika 30 imezidi mara 2, lakini nguvu yake kwenye chombo inazidi mara 4. Ndio maana muringi inaweza kukaa msimu mzima wa kaskazi kila mtu anaisifu, kisha kusi la kwanza likaihamisha.

Na mnyororo, hapa ndipo pesa inaliwa. Mnyororo haufi wote pamoja, unakufa pale unapogusa chini, ile sehemu inayonyanyuka na kulala kila wimbi likipita, mchanga unausugua kama msasa mchana na usiku, hata wakati hakuna chombo. Juu unaona mnyororo mzima, chini pingili imebaki nyembamba kama waya wa kufungia paa. Halafu viungo vyake, ile pini ya kiungo isipofungwa kwa waya inajifungua polepole yenyewe, na mtu akichanganya chuma cha pua na mnyororo wa kawaida uliopakwa zinki, maji ya chumvi yanakula ile zinki mapema sana, nimeona mnyororo wa mwaka mmoja ukaonekana wa miaka kumi. Na kwenye maji yetu ya joto vichaza na majani vinaota haraka, boya linazidi uzito linaanza kuzama, kamba huwezi hata kuiona hali yake mpaka uipangue.

Sasa piga hesabu na mimi. Hizi ni namba za mfano, sio bei ya mtu yeyote. Tuseme boya moja linalipisha shilingi 1,000 kwa usiku, na kwa mwaka linapata wageni usiku 80. Hiyo ni 80,000. Mzamiaji mara mbili kwa mwaka, tuseme 8,000 kila mara, ni 16,000. Mnyororo na viungo tuseme 90,000, vinakaa miaka 3, kwa hiyo 30,000 kila mwaka. Kamba na boya lenyewe 12,000. Mafuta na kijana wa kuzungukia kukusanya pesa 15,000. Jumla 73,000. Imebaki 7,000, na hapo sijahesabu zege, sijahesabu chombo kilicholibeba kwenda kulizamisha wala vibali. Na wageni wakiwa usiku 60 badala ya 80, umeingia hasara ya 13,000, na mtu mwenye hasara anakata wapi? Hakati boya, boya linaonekana. Anakata mzamiaji. Ndugu zangu wenye yoti, mkimshusha bei mtu mpaka chini kabisa hapo ndipo mnapomsukuma, na ninyi ndio mnaolala hapo.

Kule Scotland nilijifunza kitu kimoja ambacho bado nakifikiria nikiwa hapa. Shirika la serikali la maendeleo ya kule Highlands na visiwani lilisaidia kuweka boya kubwa za buluu za wageni kwenye ghuba nyingi, ili yoti zifike sehemu za mbali zenye watu wachache. Wazo zuri. Lakini kuweka ni siku moja, kutunza ni kila mwaka, na baadaye nyingi zikaangukia mikononi mwa jamii za pale pale. Zilizopata mwenyewe zikaendelea. Nenda Gigha, kisiwa cha watu wasiofika 200, wenyeji walikinunua wenyewe mwaka 2002, na kwenye ghuba ya Ardminish kuna muringi za wageni, unafunga, unashuka, dukani na kwenye mkahawa unaacha pesa. Nenda Tobermory kwenye kisiwa cha Mull, bandari ya yoti inaendeshwa na chama cha wenyeji. Sehemu nyingine ndogo unakuta sanduku tu ufuoni, unaweka pesa yako ndani hakuna anayekuangalia, na watu wanaweka. Kwa sababu wanajua inakwenda wapi. Na kule hata chini ya bahari kuna mwenyewe, karibu yote mpaka maili 12 za baharini kutoka pwani iko chini ya Crown Estate Scotland, shirika la umma linalosimamia mali ya taji, muringi inalipiwa kodi ya pale ilipolala, hiyo nayo imo ndani ya bei.

Naona mzee wangu pale mbele anatikisa kichwa, najua anachofikiria. Bahari ni ya Mungu, mababu zetu walitia nanga kila mahali bila kumlipa mtu. Ni kweli mzee wangu, na hata huko Uingereza msafiri ana haki ya kutia nanga kwa muda akiwa safarini, hakuna anayetaka kuiondoa haki hiyo na mimi ningekuwa wa kwanza kuipinga. Lakini jahazi za babu zilikuwa zinatia nanga bandarini kwenye tope. Leo yoti inatafuta maji mazuri ya kuogelea, yaani inatia nanga pale pale penye matumbawe na nyasi bahari. Nanga ikivutwa inalima, na mnyororo ndio mbaya zaidi, chombo kikizunguka na upepo na maji unafagia duara zima. Tumbawe lile gumu la duara linakua kama sentimita 1 kwa mwaka. Kichwa cha mita moja kikivunjwa asubuhi moja, hakuna aliye humu ndani atakayekiona kimerudi.

Ndio maana mwaka 1981 huko Key Largo, Florida, mtu anaitwa John Halas alianza kutoboa mwamba na kusimika pini ya chuma cha pua kwa saruji, akaweka kamba inayoelea isiyogusa chini hata maji yakipwa. Kitu kidogo sana, na kimeenda dunia nzima. Kisiwa cha Bonaire kule Karibi yoti haitii nanga kabisa, unafunga kwenye muringi au unaondoka, na watu wanaendelea kwenda kwa sababu ya yale matumbawe. Kusini mwa Uingereza kuna ghuba ya Studland, ina nyasi bahari na farasi bahari wadogo, wakaomba maboti yasitie nanga kwenye nyasi na wakaweka muringi za kamba inayovutika kama mpira ili mnyororo usifagie. Sisi Watamu na Malindi tuna hifadhi za bahari tangu 1968, tulianza mapema kuliko wengi, kwa hiyo tusiongee kama watu wanaofundishwa leo.

Faida nyengine watu hawaihesabu ni nafasi. Maji ya bamvua hapa yanapanda mita 3 na nusu, hata karibu 4. Ukitia nanga maji yamekupwa kwenye mita 5, yakijaa una 8 na nusu, ongeza urefu wa kutoka majini mpaka puani mwa chombo, ni kama 10. Unataka mnyororo mara 5 yake, mita 50. Na yoti yenyewe mita 12. Duara lako lina nusu kipenyo karibu mita 60. Kwenye muringi duara hilo linashuka mpaka kama mita 26. Eneo lake ni chini ya moja ya tano. Kwa hiyo pale panapokaa yoti moja kwenye nanga zingekaa tano kwenye muringi, na njia ya mashua za uvuvi ikabaki wazi. Lakini msizichanganye, wa nanga na wa muringi hawazunguki sawa, usiku upepo ukigeuka ndio wanagongana.

Na hapo kwa wavuvi nataka niseme waziwazi. Kuna sehemu boya zimewekwa kwenye njia ya nyavu, au mbele ya mahali pa kushushia samaki, na mvuvi ndiye anayeambiwa apite kwengine. Hilo ni kosa, na linafanya muringi ichukiwe kabla haijatumika. Mimi ningependa BMU, yaani kikundi cha wavuvi na wenyeji cha kusimamia ufuo, ndiyo ikae kwanza na ramani, iseme hapa ndio na hapa hapana, na ikiwezekana boya ziwe za BMU yenyewe, manake wao wako ufuoni kila siku, wao ndio wanaoona boya limezama upande kabla mtu yeyote hajaona.

Wenye yoti, na mimi ni mwenzenu, msifike mkafunga tu. Uliza chini kuna nini, kilikaguliwa lini, na kinabeba chombo cha uzito gani, na asiyeweza kujibu mshukuru, tafuta mchanga utie nanga yako. Ukishafunga rudi nyuma na injini polepole, uone kama inashika ungali macho. Ile kamba nyembamba yenye kiboya kidogo ni ya kuivuta ile kubwa tu, usilalie hiyo. Na usipitishe kamba moja kwenye pete ya boya ukairudisha, itajikata kama msumeno, tumia mbili, kila moja imefungwa kivyake.

Kijana aliyeuliza waanzeje muringi zao na hawana pesa. Anzeni na mbili. Sio kumi. Mbili zenye mnyororo mzuri, na daftari moja linaloandikwa tarehe ya kila ukaguzi na nani alizamia na alikuta nini, na mgeni akiuliza mnamfungulia daftari. Tarehe ya mwisho iandikeni kwa rangi juu ya boya lenyewe. Mkifanya hivo mnaweza kuomba bei ya juu kidogo na hamtagombana na mtu.

Na kuhusu kupima, sio lazima muwe na vifaa vya gharama, kalipa ya fundi wa kawaida, kile kifaa cha kupimia unene, inatosha. Mnyororo huu nilionao mkononi ulikuwa wa milimita 20 ulipowekwa, mimi ukishuka 15 naubadilisha. Shikeni, pitishianeni, kila mtu apime ile pingili ya katikati aone imebaki ngapi.