Weka kalenda kwenye fomu yako ya Access

Habari zenu. Leo tupo kwenye Microsoft Access, programu ya kutunza kumbukumbu kwa majedwali, na fomu hii mnayoiona ni ya kikundi cha kuweka na kukopa: jina la mwanachama, kiasi cha mkopo, tarehe ya kukopa. Tazama hapo kwenye tarehe. Mtu kaandika 03/04/2024. Tarehe tatu Aprili, au nne Machi? Mweka hazina anasoma Aprili. Kompyuta ambayo Windows yake imepangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma Machi. Riba ya mwezi mzima iko hapo katikati.

Kwa hiyo tunataka mtu abofye siku kwenye kalenda. Huna haja ya kupakua chochote, maana tangu Access 2007 kalenda imo ndani ya programu yenyewe. Ukikuta maelekezo ya zamani yanayokutuma kutafuta faili la mscal.ocx, achana nayo. Hicho ni kifaa cha kalenda ya zamani, na kiliondolewa kwenye Access 2010.

Tunaanza na jedwali, siyo fomu. Tengeneza kwanza nakala ya faili lako lote, tafadhali usiruke hapa, kisha funga fomu. Bofya jedwali la mikopo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua “Design View”. Kwenye safu ya tarehe angalia “Data Type”. Unaona? Yangu ni “Short Text”. Wengi hukwama papo hapo: safu ikiwa ya maandishi, kalenda haitokei hata ufanyeje. Ibadilishe iwe “Date/Time”, hifadhi. Access ikikuonya kwamba baadhi ya data zitafutika, ina maana kuna mtu aliandika “jana” au “mwisho wa mwezi” badala ya tarehe. Bofya “No”, karekebishe hizo kwanza, ndipo urudi.

Sasa fungua fomu kwa “Design View”, bofya kisanduku cha tarehe, bonyeza F4. Dirisha la sifa linafunguka kulia. Kwenye kichupo cha “Format”, mstari wa “Format” andika dd mmm yyyy, ili mwezi uonekane kwa herufi. Shuka hadi “Show Date Picker”, chagua “For dates”.

Nenda kichupo cha “Data”. Kama mstari wa “Input Mask”, yaani kiolezo kinachomlazimisha mtu aandike kwa mpangilio fulani, una kitu, futa. Ukiuacha, kalenda inajificha, na wala Access haikwambii kwa nini. Mimi ilinichukua jioni nzima kuligundua hilo.

Ukiwa hapo hapo, kwenye “Default Value” andika =Date() ili tarehe ya leo ijijaze yenyewe, na kwenye “Validation Rule” andika <=Date() ili asiwepo wa kuandikisha mkopo wa kesho.

Hifadhi, rudi “Form View”, bofya kisanduku. Ile alama ndogo pembeni kulia ndiyo kalenda yako. Ibofye, chagua siku.

Ila tarehe ya kuzaliwa usiiwekee. Mshale wa kalenda hii husogea mwezi mmoja mmoja, na mzee wa 1958 atakubofyesha karibu mara mia nane. Kwenye kisanduku hicho chagua “Never”, mwache mtu aandike kwa mkono.