Kijana aliyepunguzwa mfuko wa tumbo na sindano ya kupunguza uzito

Wazazi wetu, wauguzi na waganga mliofika leo hapa Bukavu, asanteni. Kijana aliyepunguzwa mfuko wa tumbo akianza kurudisha kilo mwaka wa pili au wa tatu, tafadhali msimwite mlafi. Upasuaji unaofanywa zaidi huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko, ukabaki mrija mwembamba. Lakini unene wa kupindukia ni ugonjwa wa kudumu, na mwili uliopungua huongeza njaa ili urudi ulikokuwa. Ndiyo maana daktari huongeza dawa.

Inayozungumzwa sana ni semaglutidi, sindano ya chini ya ngozi, mara moja kwa juma. Marekani iliiruhusu kwa vijana wa kuanzia miaka 12 mwishoni mwa 2022. Huanza na miligramu 0.25, kisha 0.5, 1, 1.7 na 2.4, kila ngazi majuma manne. Kwa aliyepasuliwa, msikimbilie kupanda: njaa ikitulia kwenye 1, abaki hapo.

Sasa nisikilizeni kuhusu kutapika, maana hapa ndipo watoto huumia. Dawa huchelewesha chakula kutoka tumboni, na mrija wenyewe ni mdogo. Kijana akitapika siku nyingi, vitamini B1 humwishia, kwa sababu akiba ya mwilini haifiki mbali zaidi ya majuma mawili matatu. Ataanza kuona viwili, kuyumba akitembea, kuchanganyikiwa, miguu kufa ganzi. Mara nyingi hutundikiwa serumu ya glukosi upesi, kwa nia njema kabisa. Lakini sukari ile humaliza B1 kidogo iliyobaki, ubongo ukaumia, na kumbukumbu huenda isirudi. B1 ya mshipani itangulie. Ikishindikana, viingie pamoja. Mzazi, ukifika zamu ya dharura sema mapema: “Mtoto huyu alipasuliwa tumbo.”

Wala si kila kutapika ni kwa dawa. Mrija unaweza kuwa umebana. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni huashiria kuvimba kwa kongosho: sindano isimame, aende hospitali siku ileile.

Kwenye sahani, samaki wadogo wa sambaza, mayai au maharagwe vitangulie, bugali baadaye. Protini ifike angalau gramu 60 kwa siku. Maji ayanywe kidogo kidogo, nje ya mlo. Vidonge vya chuma, B12, vitamini D na kalsiamu haviachwi hata uzito ukishuka, na chuma kipishane na kalsiamu kwa saa mbili.

Sindano hukaa kwenye frigo, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka.

Na wasichana: uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa aliyekuwa hapati siku zake. Mpango wa uzazi uzungumzwe kabla ya sindano ya kwanza, kwani dawa hii huachwa angalau miezi miwili kabla ya mimba.