Hapo Pamevunjika: Picha, Vitabu na Watakatifu wa Siku za Mwisho

ZUHURA: Wasikilizaji, hamjambo. Kaka Barasa ameingia studio na darubini shingoni kama anakwenda Tsavo. Nimemuuliza ya nini, hataki kusema.

BARASA: Zamu yake itafika, dada. Tumalize kwanza ugomvi wetu wa wiki jana.

ZUHURA: Enhe. Ukutani kwake kuna picha ya Yesu mwenye joho jekundu, ya mchoraji Del Parson. Nikamuuliza, picha hii ni nzuri? Akanijibu, "Inaniletea amani." Mimi nilimuuliza habari za amani?

BARASA: (anacheka) Ndivyo tunavyojibu kanisani kwetu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu huwaita Wamormoni. Iwe kitabu, sinema au picha, swali ni lilelile: ni safi? Inajenga imani? Ikishapata ndiyo, mjadala umefungwa. Na Makala yetu ya Imani ya 13, katika orodha fupi ya mambo tunayoamini, inasema kitu chochote chema, cha kupendeza, chenye kustahili sifa, tunakitafuta. Tunakitafuta! Wengi wetu tunaisoma kana kwamba imeandikwa "tunakichuja".

ZUHURA: Bibi yangu alikuwa na tenzi kichwani tele. Mtu akija na utenzi wa kumsifu Mtume, maneno matamu ya dini, lakini kipande kimoja kina mizani saba badala ya nane, bibi anagonga kidole mkekani: "Hapo pamevunjika." Sifa za Mtume hazikumwokoa mshairi.

BARASA: Huyo bibi tungemfanya mwalimu wa Shule ya Jumapili! Maana hata viongozi wetu wa zamani walijua ufundi unatafutwa. Mwaka 1890 Kanisa liliwatuma wachoraji Paris, kwa hadhi ya umisionari kabisa, wakasome kuchora ili waje kupamba hekalu la Salt Lake, kule Utah, Marekani. Na miaka miwili kabla ya hapo Orson F. Whitney, mshairi na askofu wetu, alikuwa ameshatangaza katika hotuba kwamba siku moja tutakuwa na kina Milton na kina Shakespeare wetu wenyewe.

ZUHURA: Wamefika?

BARASA: Hebu nikwambie nani alizaliwa mwaka uleule wa hotuba, 1888. Minerva Teichert, mchoraji wetu. Alisomea Chicago, kisha New York kwa mchoraji Robert Henri, na huyo Henri ndiye aliyemsukuma akachore habari za watu wake. Akaolewa na mfuga ng'ombe, wakaishi Cokeville, Wyoming. Alichorea sebuleni, Zuhura, na watoto wanapita. Turubai kubwa, chumba kidogo, hana pa kurudi nyuma aione kazi yote. Akawa anachukua darubini, anaigeuza, anachungulia upande usio wake.

ZUHURA: Ili picha iende mbali!

BARASA: (anagonga darubini mezani) Ndiyo hiyo. Sasa sikia linaloniuma. Miaka ya karibu 1950 alichora picha 42 za Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu matakatifu pamoja na Biblia. Rangi nyepesi, mistari hai, wanawake wamejaa mle, ilhali kitabu chenyewe kinawataja kwa nadra mno. Hakupata wa kuzichapisha. Mwaka 1969 akazitoa zawadi kwa Chuo Kikuu cha Brigham Young. Zilizoingia ndani ya kitabu ni za Arnold Friberg, za miaka hiyohiyo.

ZUHURA: Zile za misuli?

BARASA: Hata nabii mzee ana kifua kama mpagazi wa bandarini! Friberg mwenyewe alisema ile misuli ni ukubwa wa roho uliojitokeza nje.

ZUHURA: Jibu zuri kuliko picha.

BARASA: Usimwonee, alikuwa fundi. Lakini mimi nimekua na picha zake, na mpaka leo nikisoma habari za Nefi, nabii wa kitabu hicho, namwona mnyanyua vyuma. Picha moja ikishika, macho yanakuwa mavivu.

ZUHURA: Na vitabu?

BARASA: Huko ndiko kwenye moto. Mwaka 1941 Maurine Whipple alitoa riwaya, The Giant Joshua, juu ya ndoa za wake wengi kule kusini mwa Utah. Alikuwa mtoto wa palepale St. George. John A. Widtsoe, mmoja wa Mitume Kumi na Wawili, viongozi wa juu wa Kanisa letu, akaikosoa katika jarida la Kanisa.

ZUHURA: Ungekuwa wewe mwaka ule, ungeisoma?

BARASA: (kimya kidogo) Ningeificha chini ya godoro, halafu ningeisoma. Kusema kweli, ningemwogopa askofu wangu.

ZUHURA: Angalau hudanganyi. Lakini mimi sikubali kwamba swali la usafi ni la kijinga. Bibi naye alikuwa na tenzi asizotaka ziimbwe nyumbani. Ila hakuwahi kusema mizani yake mibovu wakati ni mizuri.

BARASA: Hapo umenishinda. Basi tazama hii, nakala ya picha ya Yesu aliyoichora Teichert mwenyewe. Joho jekundu vilevile, wanawake wananyoosha mikono wamguse.

ZUHURA: Isimamishe pale mlangoni. Lete darubini. Naigeuza hivi?

BARASA: Hivyo hivyo.

ZUHURA: Nyuso zimepotea... nyekundu ndiyo imebaki, na mikono. Kaka, sogea kidogo, bega lako limeingia.