Hilo wazo lako la hadithi, litoe

Shikamooni wakubwa wote mliomo humu, na wadogo zangu mambo vipi. Nashukuru kwa kuniita hapa Tanga, na nimefurahi kuona watu mmekuja na madaftari, maana daftari linaniambia huyu mtu anaandika kweli, hakuja kusikiliza tu.

Naanza na kitu kilichotokea sasa hivi hapo mlangoni. Kijana mmoja kanivuta pembeni akaniambia dada mi nina stori kali sana, hamna mtu amewahi kuiandika. Nikamwambia haya nipe. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasema hapana dada, nikikuambia utaiandika wewe. Nikamuuliza unayo toka lini, akasema mwaka wa tatu huu, nikamuuliza umeandika kurasa ngapi, akanyamaza. Sitamwonyesha mtu na wala sio yeye peke yake, nimekutana na wengi wa hivyo na mimi mwenyewe niliishi hivyo miaka mingi, nina daftari nyumbani lina mawazo ya 2011 ambayo niliyafungia kabatini kama hati ya kiwanja. Kwa hiyo leo naongea na yule kijana, nyie wengine mnisikilize mkiwa pembeni yake.

Mi naandika simulizi. Wengi mnazijua hizi, zinaanza na jina la simulizi, mtunzi, namba ya simu, halafu sehemu ya kwanza, na mwisho wake ITAENDELEA kwa herufi kubwa. Nilianza kuziweka kwenye magrupu ya WhatsApp na ukurasa wa Facebook mwaka 2015, nilikuwa natumia simu yenye kioo kilichopasuka, naandika usiku bando la usiku likiingia. Na wasomaji wetu hawana subira hata kidogo, ukichelewa siku mbili unakuta ujumbe mtunzi unatuua na arosto, mtunzi tupo kwenye mataa, na mimi ile arosto yao, yaani kiu ya kutaka sehemu inayofuata, ndio ilinifundisha kuandika kuliko darasa lolote, kwa sababu nilikuwa naona pale pale sehemu gani watu wameuliza halafu ikawaje na sehemu gani wamepita kimya.

Sasa mwaka 2019 tulikuwa na grupu la watunzi, kama watu arobaini hivi, na kila siku ugomvi ni ule ule, fulani kaniibia wazo, fulani kaiga stori yangu. Nikachoka. Siku moja nikaweka wazo moja wazi kabisa kwenye grupu, nikasema hili la kwangu nawapa wote bure. Wazo lenyewe lilikuwa mstari mmoja: mtu kaokota simu kwenye daladala, simu inaita, kwenye kioo limeandikwa jina MAMA. Basi, hamna kingine. Nikasema wiki moja, maneno yasizidi mia tano, anayetaka aandike.

Zilikuja hadithi kumi na moja. Nawasimulia tatu tu.

Ya kwanza, aliyeokota ni konda. Kaikuta siti ya nyuma wakati wanapaki usiku, na anataka kuiuza. Lakini kila asubuhi saa moja kamili inaita, MAMA. Anaikata. Siku ya pili saa moja, anaikata. Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne saa moja ikafika, simu kimya. Saa moja na robo kimya. Na yule konda aliyekuwa anataka kuiuza anaanza kuangalia kama neti ipo, anahisi labda chaji imeisha, anaazima chaja kwa muuza vocha pale stendi, gari inataka kuondoka dereva anapiga honi na yeye kachuchumaa kwenye soketi anasubiri simu ya mama wa mtu asiyemjua.

Ya pili, kaokota msichana anayesomea unesi, akapokea. Yule mama hasikii vizuri na anadhani anaongea na mwanae, anaanza kumwaga habari, mbuzi kazaa, mvua haijanyesha, na mwisho anasema baba yako kasema amekusamehe, rudi tu nyumbani. Simu ikakatika. Sasa msichana ana msamaha wa mtu mfukoni na hajui wa kumpelekea.

Ya tatu iliandikwa na kaka mmoja mkimya sana, ambaye hata kusalimia kwenye grupu alikuwa hasalimii. Yeye aligeuza. Anayepiga ndio mwenye simu iliyopotea, na anapiga kwa laini ya mama yake ambaye alishafariki, laini ambayo hakuwahi kuifuta jina. Aliyeokota anapokea kwa adabu zote, anasema shikamoo mama, mwanao kadondosha simu lakini usiwe na wasiwasi iko salama. Na yule anayepiga anashindwa kujibu. Hadithi inaishia pale, shikamoo mama, na mtu kimya upande wa pili. Mi nilisoma nikaweka simu chini nikatoka nje.

Unga ulikuwa kilo moja ile ile, mmoja kasonga ugali, mwingine kapika chapati, mwingine kakaanga maandazi. Na nakwambia ukweli, mimi mwenye wazo ningeandika konda tu, hiyo ya tatu isingenijia hata ningekaa na hilo wazo kabatini miaka kumi.

Msinielewe vibaya, sisemi wazo halina thamani. Lina thamani kubwa tu, ila thamani yake inaonekana ukilisimulia. Mi nina njia yangu, namsimulia mtu kwa mdomo wakati tunafanya kazi nyingine, tunachambua mchele, tunasubiri daladala. Akisema mhh nzuri, najua bado. Akiacha kuchambua mchele akaniuliza sasa yule mama yeye alijua, hapo najua kuna kitu, na tena ananionyesha hadithi iko wapi, maana mara nyingi haiko pale nilipodhani.

Na hii sio ya mtandao jamani, ni ya bibi zetu. Bibi yangu mimi hakuwa na hadithi ya kwake hata moja. Zote zilikuwa sungura na fisi, mama wa kambo, zimwi na binti, hizo hizo ambazo kila bibi mtaani alikuwa nazo. Lakini watoto wa mtaa mzima walikuwa wanakuja kwetu. Akisema hadithi hadithi, tunajibu hadithi njoo, na fisi wake alikuwa anaongea kwa puani, sauti ile ile ya muuza mafuta ya taa wa pale mtaani, na sisi wote tunaijua, tunajua na yule mzee anavyopunja kipimo, kwa hiyo fisi akifungua mdomo tu tushamjua ni mroho kabla hajafanya chochote. Fisi ni wa wote. Ile sauti ya puani ni ya bibi.

Ukienda kwa wakubwa wa maandishi ni hivyo hivyo. Chukua Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 halafu kikachapishwa 1960. Bwana Msa ana kiko, ana akili ya kuunganisha vitu vidogo vidogo, ana rafiki yake Najum wa kufuatana naye. Mtu yeyote aliyesoma Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, anajua hiyo picha imetoka wapi, na wahakiki wamelisema hilo miaka yote. Lakini hata huyo Holmes, ambaye Conan Doyle alimtoa 1887, alitanguliwa na mpelelezi wa Edgar Allan Poe wa Marekani wa mwaka 1841, naye ana rafiki anayesimulia. Wazo limetembea kutoka Marekani likafika London likafika Unguja, na lilipofika Unguja maiti inaokotwa kwenye mzimu wa kuombea, na watu wanaongea Kiswahili cha Unguja chenye mafumbo yake, na hapo likawa la kwetu. Hata Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyotutafsiria Mwalimu Nyerere mwaka 1969, ile habari ya kudai ratili ya nyama ya mtu kwa ajili ya deni, Shakespeare hakuibuni, ilishakuwepo kwenye hadithi ya Kitaliano iliyochapishwa 1558. Leo ukisema ratili ya nyama nani anamkumbuka yule Mtaliano?

Sheria nayo iko hapo hapo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hii inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hailindi wazo tupu. Inalinda ulichoandika, maneno yako na jinsi ulivyoyapanga, na inalinda toka ulipoandika bila kusubiri usajili, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Usajili unasaidia siku ya ushahidi. Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao COSOZA. Kwa hiyo yule kijana akishika wazo lake miaka mitatu bila kuandika, kisheria hana kitu. Akiandika kurasa nne usiku wa leo, kesho ana mali.

Na wizi upo, nisije nikawadanganya. Mwaka 2017 simulizi yangu moja ilichukuliwa, sehemu ya 1 mpaka ya 4, kopi na pesti, wakafuta jina langu wakaweka la mtu mwingine, namba ya simu nyingine, ikawa inazunguka kwenye magrupu na watu wanalipia kwake. Nilitumiwa skrinishoti na msomaji wangu mmoja. Nililia, sioni aibu kusema, kwa sababu ile sehemu ya 3 niliiandika mwanangu akiwa amelazwa, niko kwenye benchi la wodini. Nikamwandikia yule mtu kwa upole, hakujibu. Sikugombana. Nilichofanya nikaacha kuposti. Nikakaa na sehemu ya 5 wiki mbili.

Sasa wasomaji wake wakaanza kumdai, arosto haina huruma, ikabidi aandike mwenyewe. Kwenye simulizi yangu mhusika mkuu anachechemea mguu wa kushoto, alivunjika akiwa mdogo alipoanguka kwenye mwembe, na kila anapopanda ngazi anatanguliza wa kulia na kushika ukuta. Sehemu ya 5 ya yule bwana ikatoka, mhusika anakimbizwa, anaruka ukuta wa matofali, anapanda ngazi mbili mbili mpaka ghorofa ya nne. Wasomaji wenyewe ndio waliosema. Mmoja akaandika mbona mguu umepona? Mwingine akaandika huyu sio mtunzi. Hakuandika sehemu ya 6. Yeye wazo alikuwa nalo lote, hadithi ilikuwa inaenda wapi alishaona, ila yule mtu mwenye mguu hakuwahi kuishi naye.

Toka siku ile kila nikiandika najitumia mwenyewe kwa barua pepe, nipate tarehe. Na jina langu naliweka katikati ya hadithi pia, sio juu tu ambako ni rahisi kufuta, na nabaki na madaftari yenye michoro na makosa, maana mwizi hana rasimu.

Kuna dada kauliza hapa, nikiweka bure nitakula nini. Swali la haki kabisa. Mi simulizi ya kwanza kuuza niliweka sehemu kumi bure, anayetaka zote alipie elfu moja kwa simu, wakalipa watu 37. Sio hela ya kujenga, lakini ni hela ya watu 37 ambao walishanisoma bure wakaona huyu tumlipe, hamna aliyenunua bila kunisoma kwanza. Ila hapa niwe mkweli, sio kila kitu cha kuweka mtandaoni. Ukitaka kupeleka kazi kwenye mashindano, soma masharti kwanza, maana mengi yanataka mswada ambao haujatoka popote na wengine wanahesabu mtandao kama kuchapisha. Tuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyoanza kutolewa 2023, kuna tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola ambayo inapokea Kiswahili. Hiyo moja uliyoipenda kuliko zote ifiche kwa ajili ya huko. Hizo tisa nyingine zitoe, watu wakusome.

Naona muda, mwenyekiti ananiangalia. Basi nimalizie kwa kuwapa kitu kutoka kwenye daftari langu, na nimelileta hili hapa. Hili nimeliandika 2016. Mzee mmoja anapeleka redio kwa fundi kila mwezi, tarehe moja. Fundi anaifungua, redio haina ubovu wowote. Mzee analipa, anasema asante, anaondoka. Mwezi unaofuata yuko pale. Nimelijaribu mara nne, mara ya kwanza nikadhani mzee ni mpweke anatafuta mtu wa kuongea naye, lakini haongei, anakaa tu kwenye benchi anamwangalia fundi anavyofungua skrubu. Mara nyingine nikadhani fundi ni mwanae ambaye hajui. Nikaona hapana, nimeshalisoma hilo mahali. Haijanijia mpaka leo.

Anayetaka aichukue, hata wewe uliyenivuta mlangoni. Namba yangu ipo pale ubaoni. Ukimaliza nitumie, nataka kujua yule mzee alikuwa anafuata nini.