"Affect" na "effect": sikio pekee halitoshi

Ndugu watazamaji, habari zenu, na karibuni tena. Leo nazungumzia maneno mawili ya Kiingereza yanayowatatiza hata waliozaliwa katika lugha hiyo, yaani "affect" na "effect". Wengi wetu huyachagua kwa kusikiliza, ilhali katika mazungumzo ya kawaida silabi ya kwanza ya yote mawili hutamkwa kwa wepesi mno hivi kwamba ni vigumu kuyatofautisha. La kuangalia ni nafasi ya neno katika sentensi.

Kwa kawaida "affect" ni kitenzi chenye maana ya kuathiri, na "effect" ni nomino yenye maana ya athari au matokeo. Sisi wa Kiswahili tuna bahati, kwa kuwa jozi hiyo tunayo tayari: ukame huathiri mavuno, na mavuno haba ni athari ya ukame. Tazameni sentensi hizi mbili kwenye skrini: "The drug affected her sleep", dawa iliathiri usingizi wake, na "The drug had an effect on her sleep", dawa ilikuwa na athari kwenye usingizi wake. Katika ya pili limetangulia neno "an", ambalo huandamana na nomino, kamwe si na kitenzi.

Wanasaikolojia wanayo "affect" iliyo nomino, yenye mkazo kwenye silabi ya kwanza, wakimaanisha hisia jinsi zinavyojionyesha kwa mtu. Nje ya taaluma yao hamtakutana nayo mara nyingi. Muhimu zaidi kwa anayeishi ughaibuni ni "personal effects", ambayo haihusu athari yoyote, bali vitu binafsi vya mtu, kama vile nguo, simu na saa, na huandikwa kwenye fomu za hospitali, za forodha na za mirathi.

Shida kubwa, nionavyo mimi, huanzia pale "effect" inapokuwa kitenzi, na inasikitisha kwamba masomo mengi hupapita haraka. Hapo maana yake ni kutekeleza au kufanikisha, kwa kufuata asili yake ya Kilatini, "efficere", yaani kutenda jambo hadi litimie. Barua ikisema "The bank will effect the payment on Friday", benki italipa Ijumaa. Andika "affect" badala yake, na sentensi inabaki sahihi kisarufi, ila sasa inadai kwamba benki itayaathiri malipo hayo, pengine kwa kuyachelewesha au kuyapunguza. Programu ya kusahihisha tahajia inaweza kuliacha kosa hilo lipite, kwa kuwa maneno yote mawili yamo katika kamusi. Kwa hiyo, mkipokea barua yenye sentensi ya namna hiyo, mwulizeni aliyeiandika alikusudia lipi, na mwulizeni kabla ya Ijumaa yenyewe.