Nafaka Tisa

ZAINA: Haya wapenzi, tupo, kutoka Ngamiani, Tanga. Kombo, Jumanne nilishinda kliniki nimeshika kibao cha urefu, kwa hiyo leo ni mambo matano ya udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake. Nimeyaandika, usinitoe njiani.

KOMBO: Mimi? Lini nimekutoa?

ZAINA: Kila wiki. La kwanza, kupima. Mtoto hajatimiza miaka miwili, alazwe. Ukimsimamisha umempunja kama sentimita 0.7. Watu wawili: mmoja kichwani, mmoja kwenye magoti. Nywele zimefungwa juu? Zifungue, la sivyo unapima nywele.

KOMBO: Umeshapima, baba mtu anakwambia, "Ukoo wetu sisi wafupi."

ZAINA: Hilo ndilo linalotuponza. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi sita, Ghana na Oman zimo, Norway imo. Waliolishwa na kutunzwa vizuri walikua karibu sawasawa hadi miaka mitano. Binti wa miezi 24 akilazwa yuko chini ya sentimita 80, mvulana chini ya 81.7, usinitajie babu.

KOMBO: Ila huyo ana mashavu, da Zaina! Na uji wa nafaka tisa anakunywa.

ZAINA: Tisa? Wiki iliyopita zilikuwa saba.

KOMBO: Zimezaliana. Mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano...

ZAINA: Zote kundi moja la chakula! Wa miezi 6 hadi 23 anatakiwa apate makundi matano kati ya manane kwa siku, maziwa ya mama yakihesabiwa. Nafaka tisa ni kundi moja lililovaa kanga tisa.

KOMBO: Nimetia na karanga.

ZAINA: Hapo umeingia kwenye mikunde, kundi la pili. Lakini unga wenye karanga unachacha upesi, na karanga zilizoota ukungu zina sumukuvu. Dagaa wakavu wasage peke yao, utie kijiko uji ukiwa jikoni.

KOMBO: Uji wenyewe maji matupu. Tumbo la mtoto wa kilo 8 linabeba kama mililita 240. Ukilijaza maji, kashiba bure. Ukiinamisha kijiko, uji usimwagike.

ZAINA: Sasa mwepesi kwa nini? Mama katoka alfajiri kuuza samaki, mtoto kabaki na dada yake wa miaka tisa. Uji mzito unataka kijiko, ukae, umbembeleze. Mwepesi unamiminwa kwenye chupa ya chuchu, dada mtu akacheze rede.

KOMBO: Bibi yupo. Bibi ndiye wa kufundishwa. Ndiye anayeanza kumpa maji mtoto wa miezi mitatu, na ndiye mwenye kauli jikoni.

ZAINA: Bibi hana pesa, kaka. Pesa anayo baba. Samaki anakuja naye magharibi, chakula kinaiva saa tatu usiku, mtoto kalala zamani. Asubuhi ni chai ya rangi na kiporo, sinia moja na wakubwa wanne. Nani atajua mtoto kala tonge ngapi?

KOMBO: Atengewe sahani yake. Hilo halina bei.

ZAINA: Sahani tupu nayo haina bei.

KOMBO: Baba alete trei zima la mayai, bibi aseme mayai yatamchelewesha kusema. Yataliwa na nani?

ZAINA: Na baba.

KOMBO: Aa, sikubali.

ZAINA: Wala mimi. Mfundishe bibi mwezi mzima, mfukoni hamna kitu.

KOMBO: Pesa ikija ghafla ataipikia nini, kama si uji uleule?

ZAINA: Fundi mitambo anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili! Na la pili lilikuwa kuzaa kwa nafasi, la tatu choo na kuku wanaozagaa uani anapotambaa mtoto...

KOMBO: Wiki ijayo.

ZAINA: Wiki ijayo nafaka zitakuwa kumi na mbili.

KOMBO: Uwele nimeutaja?